Mheshimiwa Mratibu, chupa bado iko dirishani kwangu

Kwa Mratibu wa Tiba Asili wa halmashauri yetu, hapa Kigoma.

Shikamoo Mheshimiwa. Natumaini hujambo na semina zinakwenda vizuri.

Naandika hadharani kwa sababu ofisini kwako nimeshafika mara nne. Mimi ndiye yule mama wa chupa. Mara ya pili ulinikumbuka. Ya tatu ukaniuliza jina upya.

Mwezi wa Ramadhani mwanangu wa miaka sita alipata upele, ule wa katikati ya vidole unaowasha usiku kucha. Zahanati losheni ya BBE, dawa ya kupaka ya upele, ilikuwa imekwisha. Nikanunua sokoni "mafuta ya mwarobaini", shilingi elfu tatu, kwenye chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi. Nikampaka jioni. Asubuhi namvua fulana, ngozi ya kwapa ikaja nayo.

Sina ugomvi na mwarobaini, nimekua nikiogeshwa majani yake. Na muuzaji aliponiambia India mwarobaini umetibu upele, hakunidanganya: mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya rojo ya mwarobaini na manjano kwa wagonjwa 814 wa upele, asilimia 97 wakapona ndani ya siku 3 hadi 15. Ila watafiti wenyewe waliliita jaribio la awali, na walichopaka kinajulikana. Hiki changu ni cheusi, kinanuka. Mimi nahisi ni mafuta ya taa, jirani anasema maji ya betri. Ndiyo maana nilikuletea wewe.

Ukaniahidi sampuli itakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali "ndani ya wiki mbili". Wiki za kalenda gani, Mheshimiwa? Mahindi tumeshavuna. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya 2002, imemzidi umri binti yangu mkubwa, na bado mtu anauza asichoandika ni nini.

Jumamosi nimemkuta jirani na chupa kama ileile, anataka kumlambisha mjukuu wa miezi minane. Nikampokonya. Malaysia, mwaka 1981, madaktari waliripoti watoto wadogo waliodhurika vibaya kwa kunyweshwa mafuta ya mwarobaini, tena yale halisi.

Sasa chupa ni mbili. Sidai fidia, semina sitaki. Tuma mtu azichukue zikapimwe. Ziko dirishani, juu, watoto hawafiki. Kama tatizo ni usafiri, bodaboda nitamlipa mimi.

Wako,
Mama wa chupa