Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kuacha famasia akapige dramu

Mjomba,

Mama yako kanipigia juzi usiku, anataka nikuite nikukanye. Anasema vipindi chuoni umeanza kuvikosa kwa ajili ya mazoezi ya bendi, na kwamba muhula huu ukiisha huna mpango wa kurudi. Nilimsikiliza hadi mwisho, lakini sikumwahidi kitu. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu vijana wa aina yako mko wengi, na kwa sababu ukiwa na hao wenzako simu yangu hupokei.

Najua kwako Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, ni Freddie Mercury. Hata kwangu. Mtoto kazaliwa Unguja mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, kisha ulimwengu mzima ukamwimba, utampitaje kimya? Ila wewe si mwimbaji. Mtu wako ni yule aliyekaa nyuma yake, mpiga dramu Roger Taylor, na safari yake ya kazi ndiyo nataka uiangalie.

Mwaka 1967 Taylor alitoka Cornwall akaenda London kusomea udaktari wa meno. Ndiyo, meno. Yakamchosha mapema, akayaacha. Lakini alichoacha ni meno, shule hakuiacha: alihamia baiolojia, akachukua shahada yake huku Queen ikiwa imeshaanza kupiga. Wenzake nao hivyo hivyo. Freddie alikuwa na stashahada ya sanaa ya michoro kutoka chuo cha Ealing. John Deacon, mpiga besi, alikuwa na shahada ya elektroniki. Brian May alikuwa katikati ya utafiti wa udaktari wa falsafa katika elimu ya nyota. Akauweka kando kwa ajili ya gitaa, akarudi kuumaliza mwaka 2007, mvi zimeshajaa kichwani. Dada yangu akisoma hapa atapiga vigelegele. Asubiri kwanza, sijamaliza.

Taylor alianzaje kupiga na May? Mwaka 1968 May alibandika tangazo kwenye ubao wa chuo cha Imperial, akitafuta mpiga dramu wa aina ya Ginger Baker au Mitch Mitchell. Taylor akaja. May amesimulia mara nyingi kilichomduwaza siku ile: kijana alianza kwa kuzipanga sauti dramu zake. May alikuwa hajawahi kumwona mtu akifanya hivyo. Kwa wengi wakati ule, dramu zilikuwa vitu vya kufunga na kupiga tu, basi.

Sasa wewe. Nimekuona kanisani. Unafika, unaketi, unapiga zilivyo. Ile sneya, dramu ndogo ya mbele yako, upande mmoja ngozi imelegea, upande wa pili imekaza, kwa hiyo kila pigo lina sauti mbili zinazogombana, halafu unaongeza nguvu ukidhani tatizo ni nguvu. Chukua ule ufunguo mdogo wa kukazia ngozi za dramu. Kaza skrubu moja robo mzunguko, kisha nenda kwenye ile inayotazamana nayo, usifuate ya jirani. Gonga taratibu kwa ncha ya kijiti karibu na kila skrubu, sikiliza, rekebisha, mpaka zote zitoe sauti moja. Ni kazi ya dakika chache, na mpiga gitaa wako atakuheshimu kabla hujapiga hata wimbo mmoja.

Umaskini nao usiusahau. Inasimuliwa kwamba hata walipokuwa wameanza kusikika redioni, Queen walikuwa hawana kitu mfukoni, na Taylor alitakiwa apunguze nguvu anapopiga kwa sababu hela ya vijiti vipya haikuwepo. Yeye na Freddie waliwahi kuwa na kibanda cha kuuza nguo katika soko la Kensington. Kwa hiyo ukiniambia unauza simu za mitumba ili ulipie studio, mimi sikucheki.

Nikukanye ninalotaka kukukanya kweli, ambalo mama yako hakulifikiria: hela ya nyimbo haiendi kwa aliyepiga, inakwenda kwa aliyetunga. Mpiga dramu hupata chake kwenye maonyesho na kwenye mgawo wa rekodi kama mlikubaliana, lakini mirabaha ya utunzi, ile inayoendelea kuingia miaka arobaini baadaye mtu amelala, ina majina yake. Dramu zako zinaweza kuubeba wimbo mzima na jina lako lisiwemo.

Taylor hili alilielewa mapema. Mwaka 1975 Queen walipotoa santuri ya "Bohemian Rhapsody", upande wa pili uliwekwa wimbo wake, "I'm in Love with My Car", kuhusu mapenzi ya mtu na gari. Huo si wimbo wa kushindana na ule wa mbele, tuseme ukweli. Lakini santuri ni moja, na kila nakala iliyouzwa iliuza pande zote mbili, kwa hiyo mtunzi wa nyuma alipata sawa na mtunzi wa mbele. Na ule wa mbele ulikaa kileleni Uingereza wiki 9. Hesabu mwenyewe. Mambo hayo ya mgawo yaliwapa mvutano wa miaka, mpaka kwenye albamu ya mwaka 1989 walipoamua kila wimbo uandikwe jina la Queen, wote wanne wagawane. Ndugu wanne waliopendana, na bado iliwachukua zaidi ya miaka kumi na tano kufika hapo.

Na hakuishia kwenye magari. "Radio Ga Ga" ya mwaka 1984 ni ya Taylor; ilianzia kwenye maneno ya kitoto ya mwanawe mdogo kuhusu redio. Fungua video ya tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Uwanja mzima, watu elfu sabini na ushee, mikono juu, makofi mawili kwa pamoja. Kila mtu anamtazama Freddie, na ana haki. Ila wimbo wanaoupigia makofi umetungwa na mpiga dramu.

Kwa hiyo swali langu kwako ni umetunga nini. Nimesikia mna nyimbo sita. Zote katunga mpiga gitaa? Basi una kazi ya kibarua, mjomba, na roki kwetu haina soko la kumlisha kibarua. Bendi za dansi na za hoteli angalau zinalipa kwa usiku. Harusi nazo zipo. Roki utapiga kwa mapenzi kwa muda mrefu sana, na mapenzi hayo yatahitaji kodi ya nyumba. Mwenye cheti cha famasia anaweza kupata kazi ya zamu dukani na jioni akaenda mazoezini. Asiye nacho atauza dramu zake mwaka wa pili, nimewaona.

Linda na masikio, tafuta vizibo. Mwaka 2024 Taylor alikuwa bado anapiga Japani akiwa na miaka 74. Huwezi kufika huko ukiwa kiziwi.

Mama yako nitaongea naye mimi. Sitamwambia nimekukataza, kwa sababu sijakukataza. Jumapili nakuja huko baada ya ibada. Uwe na matokeo ya muhula huu, na karatasi moja yenye nyimbo zenu zote sita, kila moja na jina la aliyeitunga, na sahihi zenu wote chini. Mkishindwa kukubaliana nani aandikwe wapi, studio msiingie kwanza, na COSOTA, kwa watu wa hakimiliki, msiende kusajili kitu. Na huo ufunguo wa dramu njoo nao.

Mjomba wako