Dari ina uzito kuliko bati, ihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaochora na wanaojenga nyumba kuanzia Mafinga hadi Tukuyu. Mabishano ya paa huku kwetu huishia kwenye geji ya bati, yaani unene wake, na bati la geji 28 lina kilo 4 hivi tu kwa mita ya mraba. Dari ya jipsamu iliyo chini yake ni zaidi ya mara tatu ya hapo, lakini kwenye makadirio mengi huwekwa namba ya kunakili, au haiwekwi kabisa.

Hesabu yake ni fupi. Bodi ya jipsamu ya milimita 9, ya mita 1.2 kwa 2.4, ina kilo 20 hivi. Gawanya kwa 2.88 upate kilo 7 kwa mita ya mraba. Mbao za inchi 2 kwa 2 zikipangwa kila sentimita 60 pande zote mbili, mita moja ya mraba inakula mita 3.3 za mbao, yaani kilo 4 kama paini imekauka. Skimu (lipu nyembamba ya kulainisha bodi), skrubu, nyaya na taa, weka kilo 3 au 4. Jumla kilo 15, sawa na kilonyutoni 0.15. Nyumba ikiwa na upana wa mita 6 na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) kila mita 1.5, kila kenchi inabeba kilo 135 za dari pekee. Mtu atakayepanda huko juu kutengeneza umeme ni mzigo mwingine: kanuni ya Kiingereza ya BS 6399, iliyoondolewa mwaka 2010, ilitoa kilonyutoni 0.9 mahali pamoja.

Pimeni mbao dukani. 2 kwa 2 ya futi 12 iliyokauka ni kilo 4 na nusu. Mbichi yaweza kufika 8. Na ubichi una madhara kuliko uzito, maana mbao inayokaukia chini ya mzigo hupinda na kubaki imepinda. Mbao ya chini ya kenchi ikilegea, skimu hupasuka kwenye maungio ya bodi, na fundi wa jipsamu hulaumiwa bure.

Kisha kuna baridi yetu, inayowafanya watu wabadili dari baada ya kuhamia. Mbao za inchi 1 ni kilo 12 bila fremu. Plasta ya saruji ya milimita 20 kwenye waya ni kilo 40! Kenchi iliyopigiwa hesabu ya dari ya plastiki (PVC) ya kilo 3 haikutegemea hayo.

Kosa la upande wa pili ndilo linalonitisha zaidi: kuitegemea dari ishikilie paa wakati wa upepo. Nyumba nyingi hukaliwa miaka bila dari. Kwa hesabu ya upepo, hasa maeneo kama Makambako, dari iwe sifuri, na uzito wa paa usizidishwe kwa 1.4, kama tunavyofanya kwenye hesabu ya mzigo unaoshuka. Upepo ukivuta kwa kilonyutoni 0.6 kwa mita ya mraba, bati na mbao zote hurudisha 0.17 hivi. Kwa nyumba ile ile, kinachobaki ni karibu kilo 200 kila mwisho wa kenchi, bila kuhesabu sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Misumari miwili iliyopigwa kwa pembeni haishiki hivyo. Fungeni kenchi kwa chuma kilichozamishwa kwenye linta kabla zege halijamwagwa.

Mhandisi wa majengo,
Mbeya