Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi katika Wiki ya Anga za Juu, Manispaa ya Lindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mhandisi wetu kutoka sekta ya gesi asilia,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Kila mwaka, tarehe 4 hadi 10 Oktoba, dunia huadhimisha Wiki ya Anga za Juu. Tarehe 4 ni siku satelaiti ya kwanza, Sputnik, ilipoanza kuizunguka dunia mwaka 1957, na tarehe 10 ni siku ambayo mkataba wa kimataifa wa anga za juu ulianza kutumika mwaka 1967. Mwaka huu klabu imeamua kueleza kazi ya mhandisi mmoja, Dkt. V. Narayanan, ambaye Januari 2025 alikabidhiwa uenyekiti wa Shirika la Utafiti wa Anga za Juu la India, ISRO. Wapo wakuu wengi wa mashirika kama hilo. Tumemchagua huyu kwa kuwa fani iliyompandisha ni ya vimiminika vya baridi kali, na hapa kwetu Likong'o ndipo palipopangwa kujengwa mtambo wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika. Fani ni hiyo hiyo, na wewe Mheshimiwa unaifahamu kuliko sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Dkt. Narayanan anatoka kijijini, wilaya ya Kanyakumari, kwenye ncha ya kusini ya India. Shule alisoma kwa Kitamil, lugha ya nyumbani. Elimu yake ya ufundi ilianza na diploma ya uhandisi wa mitambo, akafanya kazi viwandani kwa muda mfupi, kisha mwaka 1984 akaingia ISRO. Miaka ya mwanzo alishughulikia roketi za fueli mango. Mwaka 1989 alimaliza shahada ya uzamili ya uhandisi wa baridi kali huko Kharagpur, India, akahamia kituo cha injini za fueli kimiminika, na hakutoka tena kwenye fani hiyo. Baadaye alipata shahada ya uzamivu. Mwaka 2018 akawa mkurugenzi wa kituo hicho, na miaka 7 baadaye mwenyekiti wa shirika zima. Tangu aajiriwe mpaka akalie kiti hicho ilipita miaka 41. Tunawaomba wazazi waliopo hapa waishike sehemu ya diploma, maana bado wapo wanaoamini kwamba mtoto asiyekwenda kidato cha tano ameshapotea.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Roketi haina hewa ya kuvuta huko juu, kwa hiyo hubeba fueli na oksijeni yake. Hidrojeni ikiungua na oksijeni hutoa msukumo mkubwa kwa kila kilo kuliko mafuta ya kawaida ya roketi, na ndiyo maana hutumika kwenye ngazi ya juu, yaani sehemu ya roketi inayowaka mwishoni, ambako kila kilo ya ziada inakula nafasi ya mzigo. Ugumu uko kwenye kuihifadhi. Oksijeni huwa kimiminika kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, na hidrojeni kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Tena hidrojeni ni nyepesi mno: lita moja ya kimiminika chake ina gramu 71 tu, hivyo tangi lazima liwe kubwa na kuta zake ziwe nyembamba.

Kabla ya kuwasha injini hiyo kuna kazi ambayo watazamaji hawaioni. Mabomba husafishwa kwanza kwa gesi ya heliamu. Hewa ikibaki ndani na kukutana na hidrojeni kimiminika, inaganda. Chembe zake ngumu huziba vali au kukwaruza beringi. Heliamu haigandi kwenye baridi hiyo. Kisha kimiminika hupitishwa kidogo kidogo ili pampu na mabomba yapoe. Hatua hii ikirukwa, kimiminika huchemka papo hapo kinapogusa chuma chenye joto, pampu inavuta mvuke, inakosa mzigo na kuzunguka kupita kiasi mpaka inaharibika. Mabomba yakishapoa ndipo vali hufunguliwa kwa zamu, zikipishana kwa sehemu ya sekunde, na injini kuwashwa.

Halafu kuna kusinyaa. Aluminiamu ya urefu wa mita moja ikipozwa kutoka joto la kawaida hadi nyuzi 253 chini ya sifuri hupungua kwa milimita 4 hivi. Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, hupungua kwa milimita 3. Pampu ina sehemu za metali tofauti, na kila moja inasinyaa kwa kiasi chake. Nafasi iliyoachwa kati ya sehemu inayozunguka na kasha lake ni nyembamba kuliko ukucha. Fundi akipima kila kitu sawasawa kwenye joto la karakana, bado pampu inaweza kukwama ikishapoa.

India ililipia somo hili. Mwaka 1991 ilikubaliana na Urusi, wakati huo Umoja wa Kisovieti, kununua injini za hidrojeni na oksijeni pamoja na ujuzi wa kuzitengeneza, lakini baada ya shinikizo la Marekani ujuzi ukaondolewa kwenye mkataba, zikabaki injini tu. Wahandisi wakaanza kujifunza wenyewe. Tarehe 15 Aprili 2010 waliirusha injini yao ya kwanza kwenye roketi ya India iitwayo GSLV. Ilipofika zamu yake ikawaka, lakini pampu ndogo inayoisukuma hidrojeni kwenda pampu kuu ikasimama baada ya sekunde moja na nusu hivi, na roketi ikaanguka baharini. Uchunguzi ulibakiza maelezo mawili: ama sili, yaani kizuizi cha kuvuja, iliibana rota, sehemu inayozunguka, mpaka ikakwama, ama kasha lilipasuka kwa shinikizo na mabadiliko ya joto. Pampu ikasanifiwa upya kwa kuzingatia kutanuka na kusinyaa kwa beringi na kasha, mpangilio wa kuwasha ukabadilishwa, na injini ikajaribiwa ardhini kwenye chumba kilichonyonywa hewa ili ifanye kazi katika hali ya huko juu.

Desemba 2010 roketi nyingine ya GSLV ilipotea kwa sababu isiyohusu injini hiyo kabisa. Kava la chini la ngazi ya juu lilipinda, konekta za nyaya zikachomoka, na amri za kompyuta hazikufika kwenye injini za chini. Tarehe 19 Agosti 2013, roketi iliyofuata ikiwa tayari kwenye jukwaa, fueli ilianza kuvuja kutoka ngazi ya pili, na zoezi likasimamishwa zikiwa zimebaki dakika 74. Tangi lilikuwa la aina ya aluminiamu inayopata nyufa baada ya muda ikiwa chini ya mkazo. Wakatengeneza ngazi mpya yenye tangi la aluminiamu ya aina nyingine. Roketi hiyo iliruka salama tarehe 5 Januari 2014, na injini ya baridi iliyotengenezwa India ikaifikisha angani satelaiti ya kilo 1,982. Kiongozi wa mradi, K. Sivan, mtoto wa mkulima kutoka wilaya hiyo hiyo ya Kanyakumari, naye aliliongoza shirika kuanzia Januari 2018 hadi Januari 2022.

Dkt. Narayanan alipewa kuongoza ngazi kubwa zaidi, C25, inayobeba tani 28 za hidrojeni na oksijeni na yenye injini ya msukumo wa tani 20 hivi. Safari hii walichagua mzunguko rahisi wa injini: gesi iliyokwisha kuendesha pampu hutolewa nje, hairudishwi kwenye chumba cha kuunguzia. Msukumo kwa kila kilo unapungua kidogo, lakini sehemu za kuharibika ni chache na kila sehemu inaweza kujaribiwa peke yake. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika mradi ule. Februari 2017 ngazi nzima iliwashwa ardhini kwa sekunde 640, na tarehe 5 Juni 2017 ikaruka kwa mafanikio katika safari yake ya kwanza.

Mheshimiwa, mwaka 2019 ilitokea ajali iliyosikika duniani kote. Chombo cha Vikram cha Chandrayaan-2, safari ya India ya kwenda Mwezini iliyoongozwa na wahandisi wawili wanawake, Muthayya Vanitha na Ritu Karidhal, kilijigonga kwenye uso wa Mwezi tarehe 7 Septemba. Kamati ya wataalamu iliyochunguza chanzo iliongozwa na Dkt. Narayanan. Kutoka kilomita 30 hadi kilomita 7.4 juu ya uso wa Mwezi mambo yalikwenda vizuri, kasi ikashuka kutoka mita 1,683 kwa sekunde hadi mita 146. Katika hatua ya pili, injini zilipunguza kasi kupita kiasi kilichopangwa. Makosa yakajumlika, chombo kikatakiwa kujigeuza haraka kuliko programu yake ilivyoruhusu, na eneo la kutua lilikuwa la mita 500 kwa 500 tu. Chandrayaan-3 ikapewa eneo la kilomita 4 kwa 2.4, miguu imara zaidi, fueli zaidi, kipimo cha leza cha kupima kasi, na injini 4 badala ya 5. Ilirushwa kwa roketi yenye ngazi ile ile ya C25 na kutua salama karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ya Likong'o yanaingia hapa. Gesi asilia huwa kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, na ujazo wake hupungua takribani mara 600. Bomba la stenlesi la mita 100 likipozwa mpaka hapo hufupika kwa karibu sentimita 25, kwa hiyo huwekewa mikunjo ya kulipa nafasi, vinginevyo linang'oa vishikizo vyake. Kupoza mabomba taratibu, kuondoa hewa na unyevu kabla, kukagua kila mshono wa kuchomelea: kijana atakayeyajua hayo kwenye gesi anaweza kusimama mbele ya tangi la roketi bila kuwa mgeni.

Maombi yetu tumeyaweka mahali hapo hapo. Kwanza tunaomba seti ya kukagulia nyufa kwa rangi ya kupenya, makopo matatu ya kupuliza: kisafishio, rangi nyekundu na kionyeshi cheupe. Chuma husafishwa na kukaushwa, hupuliziwa rangi, husubiriwa dakika 10 hadi 20, kisha hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kisafishio. Kisafishio hakipulizwi moja kwa moja juu ya chuma, maana huosha hata rangi iliyoingia kwenye ufa na mkaguzi akadhani mshono ni mzima. Mwisho hupuliziwa kionyeshi, na ufa hujitokeza kama mstari mwekundu. Njia hii huona nyufa zilizofika juu tu. Za ndani zinahitaji eksirei au mawimbi ya sauti, na hayo tunaomba utupatie nafasi ya kuyaona kazini kwenu. Wanafunzi 10 kwa siku moja wanatutosha kwa kuanzia.

Pili, tunaomba kompyuta mpakato moja na kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye USB, ili tupokee wenyewe picha za satelaiti za hali ya hewa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu na barabara ya Dar es Salaam ikakatika wilayani Kilwa, tahadhari zilikuwa zimeshatolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Satelaiti za hali ya hewa za Meteor-M hutuma picha kwa masafa ya karibu megahezi 137, na antena yake tunaweza kuitengeneza hapa shuleni: fimbo mbili za aluminiamu za sentimita 53 kila moja, zilizolazwa na kutanuliwa kwa pembe ya digrii 120. Tatizo kubwa kwa pwani kama hii ni chumvi. Kiungo cha waya na fimbo kisipozibwa kwa silikoni kinashika kutu na picha inajaa mistari. Chaja za simu na taa za LED zilizo karibu nazo huleta kelele, hivyo antena itakaa mbali na madarasa.

Tatu, tunaomba uwe mlezi wa klabu, uje walau mara moja kwa muhula, na uje na kifaa kilichoharibika kutoka kazini ili tukichunguze pamoja.

Tunakutakia kazi njema na safari salama ya kurejea. Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Klabu ya Sayansi,
Lindi.