Usilifungue tena ukiwa peke yako

Walukuba, Jinja
Jumapili jioni

Binti yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, presha ya mama yako imetulia, mdogo wako amerudi shule. Ile picha uliyomtumia mama yako nimeiangalia mpaka macho yakauma. Mgongo wa kabati lako la mashine ya gemu uko wazi, bomba la kioo la skrini linaonekana lote, mkono wako umeingia ndani hadi kwenye kiwiko, na bangili ya fedha ya shangazi yako bado umeivaa. Nilipokupigia ukanijibu, "Baba, nilishachomoa plagi," ukakata simu kwa kuwa una wageni. Basi nakuandikia, usome ukiwa umekaa.

Kuchomoa plagi hakutoshi, mama. Bomba la televisheni ya chogo, na la mashine yako ni hilo hilo, lenyewe ni kapasita. Ndani limepakwa rangi inayopitisha umeme, nje limepakwa nyingine nyeusi, kioo kiko katikati, na chaji inakaa humo kama maji mtungini. Linapofanya kazi, chini ya kile kikombe cha mpira cha ubavuni pana volti elfu 20 na zaidi. Ukizima, chaji si lazima iondoke. Na aghalabu kinachomuumiza fundi si pigo lenyewe, ni mkono unaporuka. Unagonga shingo ya bomba, pale pembamba nyuma, panavunjika kama kijiti, na vioo vinaruka kwa sababu ndani hamna hewa. Yaliyotokea pale dukani unayakumbuka, sirudii.

Nisikilize basi. Vua bangili, vua pete na saa. Vaa viatu vyenye soli ya mpira. Chukua bisibisi bapa, ndefu, yenye mpini mzima usio na ufa. Funga waya mnene kwenye chuma chake, ncha ya pili uibane kwenye ule msuko wa waya uliolala mgongoni mwa bomba. Usiubane kwenye bodi, utaunguza vitu. Mkono wa kushoto uweke mfukoni kabisa. Kisha ingiza bisibisi taratibu chini ya kikombe mpaka iguse chuma cha ndani. Utasikia "ta!" au usisikie kitu, yote sawa. Ngoja dakika kadhaa urudie, maana kioo kina tabia ya kurudisha chaji kidogo baada ya kutolewa. Hapo wengi hujisahau. Na bado kuna kapasita kubwa kwenye bodi ya skrini, ile nene, nayo uipime kwa mita kabla hujagusa.

Na mtu mzima awe amesimama hapo, anayejua swichi kuu iko wapi. Sisemi lazima awe fundi. Awe mtu tu. Ukiwa peke yako usilifungue.

Jambo la mkono mfukoni mtu hujifunza akiwa amesimama karibu na fundi, haliji kwa kuangalia video. Wewe hukupata kusimama karibu, ulikuwa unafukuzwa ukasome. Ulisoma, alhamdulillahi, na cheti kiko ukutani hapa sebuleni. Leo naona lehemu zako kwenye picha ya pili, nimezikuza kwenye simu ya mama yako: zinang'aa, hazina mabonge, kila waya una rangi yake na kikaratasi chake. Umeifuata soketi yote ya JAMMA, ile inayounganisha bodi ya gemu na kabati, kwa mita, miguu 56, ukaichora daftarini. Mafundi wa mjini niliokaa nao miaka yote hawachori. Nimewaonyesha wawili, wakaniuliza umejifunzia wapi.

Sasa transfoma. Kibandiko cha nyuma kinasomeka vizuri kwenye picha: AC 100V. Mashine ni ya Japani, na ukutani kwetu kuna 240. Kuhusu hertz usijali, mashariki ya Japani wanatumia 50 kama sisi. Ila ile transfoma uliyonunua kwa bei rahisi inanitia shaka. Skrini nyingi za makabati haya hazina kinga yake ndani, zinategemea transfoma ya nje izitenganishe na umeme wa ukutani. Transfoma nyingi za kupunguza volti zinazouzwa madukani zina koili moja tu: volti inashuka kweli, lakini waya wa ukutani umeingia moja kwa moja mpaka kwenye fremu utakayoishika. Ipime ikiwa haijachomekwa popote. Weka mita kwenye ohm, ncha moja kwenye waya wa kuingilia, nyingine kwenye waya wa kutokea. Ikisoma, nyaya zimeungana, hiyo haifai, irudishe hata kama muuzaji atanuna. Unayoitaka ina koili mbili zisizogusana, na fremu ya chuma ya kabati iungwe kwenye waya wa ardhini. Nyumba yako ya kupanga ina waya wa ardhini? Usimuulize mwenye nyumba, mwite fundi apime.

Mama yako alisema nikushauri utoe bomba uweke skrini bapa. Nilikuwa tayari kuandika hivyo. Lakini najua unachokitafuta. Zile gemu zilichorwa kwa ajili ya mistari ya bomba, mistari isiyofika 250, na kwenye skrini bapa picha inakuwa na ngazi ngazi, rangi haziingiliani. Mtu aliyetengeneza vioo hivyo maisha yake yote hawezi kukuambia ukitupe kinapowaka vizuri. Kwa hiyo kiache. Ila ujue kinataka mawimbi ya kilohertz 15, na kompyuta ya kawaida inatoa 31. Usikilazimishe. Ukisikia mlio mwembamba na picha inakatika vipande, zima hapo hapo, usianze kutafuta kosa huku inawaka na mgongo uko wazi.

Hako kakompyuta utakakoendeshea gemu, Raspberry Pi, kape chaja yake yenyewe. Usivute 5V kutoka kwenye pawa ya zamani ya kabati na kuipitisha kwenye pini, huko hakuna fyuzi ya kukalinda. Vitufe navyo viende kwenye pini na waya hasi tu. Pini zile ni za volti 3.3, tano ikigusa kamekwenda. Umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huharibika, kwa hiyo weka nakala ya pili kwenye droo. Hayo ya kupoteza pesa tu sikufokei.

Uliniambia hiyo programu ya kuendesha gemu za zamani kwenye kompyuta, MAME, ilianzishwa 1997 na Mwitaliano, Nicola Salmoria, ili mashine za zamani zisipotee na bodi zake. Jambo hilo limenipendeza kuliko gemu zenyewe. Lakini programu ni ya bure, gemu zina wenyewe. Ukiwatoza watoto wa jirani shilingi kwa mchezo, umeingia kwenye biashara ya mali ya watu, na hakimiliki hapa Uganda ina sheria yake. Nyumbani kwako, cheza.

Na hao watoto wa jirani ndio wanaonikosesha usingizi. Umesema wanaingia hata ukiwa kazini, dada wa kazi anawafungulia. Mtoto akiona tundu lazima atie kidole. Mlango wa nyuma wa kabati utie kufuli ya kweli, si skrubu mbili, na ufunguo utembee nao. Kufuli ninazo tatu hapa, mama yako atakupa moja.

Anakuja Alhamisi kwa taksi ya asubuhi, anakuletea dagaa wa Masese na ndizi. Ndoo airudishe, ni ya jirani. Yaka, umeme wa kulipia kabla, ya mwezi huu niliyolipia imeisha mapema, nadhani ni friji, mpira wa mlango wake umechoka. Ukipita Kampala mahali wanapouza spea, niulizie bei. Ada ya mdogo wako imebaki nusu, mwalimu mkuu ametupa hadi mwisho wa mwezi. Sikuombi, nakuarifu tu. Bati la jikoni nimelipiga misumari mwenyewe, kelele zimekwisha.

Mimi nitakuja Jumamosi inayofuata na mita yangu na bisibisi yangu. Mpaka nifike kabati libaki limefungwa. Na hiyo transfoma, ipige picha ya kibandiko chake unitumie leo usiku, karibu, maandishi yasomeke.

Baba yako