Barua kwa wenyeviti wa mitaa ya Arua, Uganda: tembeeni na watoto kwanza

Salaam aleikum, wenyeviti, makamu wenu, na nyinyi mlioteuliwa kwenye kamati za mipango. Mimi ni mzee wa hapa Oli. Wengi wenu nimewaona mkiwa na kaptula za shule, kwa hiyo mtanivumilia nikiwaita wanangu.

Nasikia mnataka kuipanga upya mitaa yetu. Ni jambo jema. Tangu Arua ipewe hadhi ya jiji mwaka 2020, viwanja vinakatwa kila kukicha na njia zinazidi kubanwa. Nasikia pia watoto "watashirikishwa". Nilipouliza vipi, nikaambiwa watakuja siku ya kufungua kazi, waimbe, wasome shairi, wapewe soda. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nina deni langu katika jambo hili. Miaka ya tisini nilikuwa kwenye halmashauri ya mtaa. Tulikaa chini ya mwembe tukakata kiuwanja kilichokuwa nyuma ya nyumba, tukakifanya vibanda vya biashara. Watoto walikuwa palepale wakicheza, nasi tunawafukuza wasitupigie kelele kwenye mkutano. Mpira ukahamia barabarani. Barabara ile leo ina lami, na bodaboda wanaipita kama mshale. Sina la kujitetea.

Mwaka jana mjukuu wangu, ana miaka tisa, alipewa kazi ya shule: chora njia unayopita. Alichomoa karatasi ya katikati ya daftari akachora. Nyumba yetu ndogo kama kiberiti, msikiti mdogo, duka la mchomelea vyuma lenye cheche nyingi, na katikati mtaro mpana kuliko barabara yenyewe. Nikamcheka. Nikamwambia mtaro haukai hivyo. Akanitazama tu.

Kesho yake nikamsindikiza. Kifuniko cha zege kilikuwa kimevunjika, umebaki ubao mmoja unaocheza. Mimi nilivuka kwa hatua moja, wala sikukumbuka kwamba nimevuka. Yeye alinipa mkoba wake, akavua viatu, akarudi nyuma hatua nne, akakimbia na kuruka. Wadogo zaidi walikuwa wamechuchumaa ukingoni wakisubiri mtu mkubwa awashike mkono. Nilipokuwa kijana niliwahi kuwashikia wapima ardhi mnyororo, lakini siku ile aliyepima sawasawa alikuwa yule mtoto.

Sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46 Uganda, na nusu yao hivi hawajafika miaka 18. Hao ndio wanaotembea kwa miguu. Nyinyi wanakamati mnakuja mkutanoni kwa pikipiki.

Wala msiniambie hakuna kiti chao. Makamu mwenyekiti wa LC, yaani halmashauri ya mtaa, kwa sheria zetu, ndiye katibu wa masuala ya watoto. Kofia hiyo ya pili wengi huivaa tu siku baba fulani amekataa kulea. Na Uganda iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto tangu 1990. Kifungu cha 12 kinasema mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Sasa njia ya shule, bomba la maji na mtaro vinamhusu nani kama si yeye?

Basi namna ya kufanya. Msiwaulize "mnataka nini?" Watasema bwawa la kuogelea, nanyi mtacheka na kufunga daftari. Waulizeni: wapi unakimbia? Wapi hupiti peke yako? Mvua ikinyesha unakaa wapi? Halafu wao watangulie, nyinyi mfuate nyuma, midomo imefungwa. Wapeni chaki waweke alama chini palepale.

Wasichana wawe na zamu yao. Mbele ya wavulana hawatasema neno kuhusu choo kisicho na komeo wala kichochoro chenye wanaume wanaokaa kuanzia jioni. Na msichukue wale wa shule peke yao, wenye sare safi, waliochaguliwa na mwalimu kwa sababu wanajua kuongea. Yupo anayeuza karanga stendi, yupo aliyekuja na mama yake kutoka Sudan Kusini, yupo mwenye magongo ambaye hatoki uani kwa sababu ya kokoto. Nendeni kwenye kisima cha pampu saa ya maji mkaone binti wa miaka minane anavyoulalia mpini kwa tumbo ili ushuke.

Jambo moja linanikera kuliko yote: kuwauliza, kisha kupotea. Wakisema kumi mkaweza mawili, rudini muwaambie ni yapi mawili, na yale manane yameshindikana kwa nini. Hela hamna, semeni hela hamna. Mtoto anaelewa hilo; nyumbani analisikia kila siku.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa pale kwenye ubao, na mjukuu wangu na wenzake. Nitaleta chaki. Makamu wenyeviti msikose, na mje kwa miguu.

Wenu,
Mzee wa Oli