Risala ya Kamati ya Kumbukumbu ya Babu kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu wanafamilia, majirani na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi katika kumbukumbu hii ya mwaka wa pili tangu baba na babu yetu alipofariki. Tunajua ratiba yako imebana, na tumeona dereva hajazima gari. Kwa hiyo historia tutaipitia mbio mbio.

Marehemu alikuwa fundi saa, baadaye karani, na hatimaye mzee wa mji mzima bila kuajiriwa na yeyote. Alilea wanawe, akalea wajukuu, na katikati yao akalea watoto wa majirani ambao hadi leo wanabishana ni nani aliyependwa zaidi. Alisuluhisha ndoa na kuwaandikia barua wasiojua kuandika. Mengine mnayajua.

Ndugu Mgeni Rasmi, tangu atutoke kamati imepiga hatua kubwa. Tuna katiba, tuna mhuri, tuna kamati ndogo tatu. Picha zake tumezibandua kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi, ambazo huziharibu, na kuzitia kwenye bahasha za karatasi mbali na mwanga. Aidha, tumefungua daftari la orodha ya kaseti, na ukurasa wa kwanza umekamilika kwa asilimia mia moja.

Hizo kaseti ndizo zilizotufanya tukualike.

Babu alipata redio kaseti ujanani na hakuacha kurekodi: vikao vya usuluhishi, hadithi za wajukuu, salamu za watu ambao wengi wao wametangulia. Kwenye kibandiko cha kila kaseti aliandika kwa wino wa bluu tarehe, jina la msemaji, na pembeni, kwa herufi ndogo, kama msemaji alikuwa anasema kweli. Kisha alivunja vile vijino viwili vya plastiki vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Mjukuu mmoja, ambaye yuko hapa na tumeshamsamehe, aliziba matundu kwa karatasi akarekodi muziki juu ya kikao cha ukoo.

Mwezi uliopita tuliweka kaseti moja tuisikilize pamoja. Babu alikohoa, akasema, "Mlango mmefunga? Haya, sikilizeni." Hapo hapo mashine ikaumeza utepe. Tuliuchomoa taratibu, tukaurudisha kwa kuzungusha kalamu, lakini ulikuwa umekunjamana. Tulichoambiwa tukisikilize hatujakijua.

Kaseti za aina hii zililetwa sokoni na kampuni ya Philips kuanzia mwaka 1963, na hazikutengenezwa zidumu milele. Joto na unyevu huiharibu gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye utepe. Unga ukibanduka, sauti imeondoka nao. Mashine nzuri za kuzichezea nazo zinakufa, vipuri havipatikani. UNESCO na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, walishatahadharisha kwamba ifikapo mwaka 2025 hivi, kuhamisha rekodi za utepe kwenda kwenye kompyuta kutakuwa kugumu mno. Mwaka huo umetukuta tunasubiri ahadi.

Maana ombi letu la vifaa vya kuhamishia sauti hizi si jipya, Ndugu Mgeni Rasmi. Siku ya mazishi mheshimiwa mmoja alisimama hapo ulipoketi akaahidi mashine, nasi tukapiga makofi, jambo lisilo la kawaida msibani. Kwenye kumbukumbu ya mwaka wa kwanza mwingine aliahidi kompyuta "ndani ya wiki mbili". Hakufafanua za mwaka gani. Wa tatu alitushauri turekodi kwa simu mbele ya spika. Tulimtii, tukapata sauti ya Babu ikishindana na jogoo wa jirani. Wote tunaendelea kuwaheshimu, na namba zao za simu tunazo, ingawa hazipokelewi.

Tunaomba deki moja ya kaseti iliyofanyiwa matengenezo, kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, kompyuta yenyewe, na diski tatu za nje. Ni tatu kwa sababu nakala mbili zikikaa nyumba moja, moto mmoja unazimaliza. Ya tatu itakwenda kwa binti yake anayeishi mbali. Sauti tutazihifadhi katika faili za WAV, si MP3 ambazo hupunguza sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo. Kazi tutaifanya wenyewe, bila posho. Njia ya mkato hakuna: kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90.

Kuna jambo moja ambalo waliokutangulia hawakulipa uzito. Babu aliandika jina la msemaji, hakuwaandika waliokuwa wakidakia, wakicheka na kubisha pembeni. Hao anawatambua Bibi peke yake. Ameshakubali kukaa karibu na spika atutajie mmoja mmoja. Umri wake hatutautaja, kwa kuwa anatusikia, ila tunakuomba uufikirie unapopanga utekelezaji.

Mweka hazina ameketi kulia kwako na daftari la ahadi. Lina safu ya jina, safu ya kitu na, kwa azimio la kikao kilichopita, safu ya tarehe na saini. Tungefurahi likijazwa kabla ya picha ya pamoja.

Naomba kuwasilisha.