Mgeni anayelipa si mgeni?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, hata pale mlipochapisha jibu la fumbo ambalo halikuwa la fumbo lenyewe. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya ile taarifa yenu ya juzi kuhusu bima ya sisi tunaopangisha vyumba kwa usiku mmoja mmoja. Bila shaka unaikumbuka, ile yenye picha ya kitanda chenye mito minne. Humo msemaji wa kampuni za bima ametueleza kwamba tatizo letu ni moja tu, hatusomi hati zetu. Mwandishi wako, badala ya kumuuliza swali la pili, akamalizia kwa kutufariji kwamba hata hivyo tovuti tunazojiorodhesha zinatulinda.

Mimi hati yangu nimeisoma. Nimeisoma kuliko huyo msemaji, maana yeye haijawahi kumnyima usingizi.

Nina vyumba vitatu juu, mwenyewe naishi chini. Watoto walipoondoka nikaona nyumba inaniangalia tu, nikaanza kupokea wageni wa kulala na kupata kifungua kinywa. Nilipokwenda kukata bima, fomu ilikuwa na swali moja tu la kuhusu jambo hili: Je, nyumba hii hupokea wageni? Nikaandika Ndiyo. Niambie, Mhariri, ni nani aliyelelewa kwa Kiswahili angeandika Hapana? Kijana wakala alikuja kuikagua nyumba, akaegesha pikipiki yake chini ya kibao changu cha getini kilichoandikwa VYUMBA VYA WAGENI kwa herufi nyekundu, akazunguka, akapiga muhuri. "Mama, umemaliza kazi," akaniambia, "sasa lala salama." Nikalala salama miaka mitano, na kila mwaka nililipa kabla ya tarehe.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mgeni wa chumba namba mbili alikuwa anafua soksi kwenye sinki. Katikati ya kusuuza, maji yakakatika. Bomba likakohoa mara mbili, likanyamaza, naye akaenda kulala, bomba wazi na soksi moja ya kijivu ndani ya sinki. Saa nane usiku maji yakarudi kwa nguvu zote. Soksi ikakaa kwenye tundu la sinki utadhani imeshonwa kwa kipimo chake. Mimi niliamshwa na tone kwenye paji la uso, nikafikiri naota, likaja la pili. Nilipowasha taa ya sebuleni nikaona dari imevimba katikati kama puto, inatikisika. Nilipata muda wa kuhamisha redio. Kabati la vitabu sikuwahi. Dari ilishuka nzima, pamoja na taa yake, ikajilaza juu ya kochi. Yule mgeni alishuka na taulo kiunoni akaniuliza kama kuna tatizo.

Mtathmini wa hasara alifika siku ya nne. Mtu mpole, ana futi ya chuma na daftari. Alipima dari, akapima kochi, kisha akaipiga picha soksi pande tatu, rula ikiwa kando yake. Halafu akaniuliza, "Mama, huyu mgeni ni nani yako?" Nikamwambia ni mgeni. "Ndugu?" Mgeni. "Alilipa?" Alilipa, na risiti nikampa. Akafunga daftari.

Barua ilinifikia baada ya wiki tatu. Inasema kwamba katika hati yao "mgeni" ni mtu anayekaribishwa na mwenye nyumba bila malipo. Anayelipa anaigeuza nyumba kuwa mahali pa biashara, na biashara haimo katika bima ya makazi. Wakaongeza kwamba hata wangekubali kulipa wangenilipa nusu tu, kwa kuwa nyumba nimeikatia bima ya chini ya thamani yake ya leo. Na kwamba kwa kutotamka kuhusu malipo nimevunja uaminifu, hivyo wanayo haki ya kuihesabu bima yangu kuwa haikuwahi kuwapo. Miaka mitano ya pesa zangu, hiyo waliihesabu kuwa ilikuwapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona nini? Dari?

Hilo neno uaminifu ndilo lililonichoma. Barua inadai mkataba wa bima husimama juu ya nia njema ya hali ya juu kabisa, yaani mteja aseme kila kitu hata asichoulizwa. Mtoto wa kaka yangu anasoma sheria. Nilimsomea barua kwenye simu, akacheka mpaka nikataka kukata. "Shangazi," akasema, "hao kanuni yao wanaijua nusu." Kumbe kesi maarufu ya kanuni hiyo ni ya Carter na Boehm, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1766 na jaji Lord Mansfield. Carter, gavana wa ngome ya Waingereza kule Sumatra, alikata bima, ngome isije ikatekwa na adui wa Kizungu. Wafaransa wakaiteka. Mtoa bima, Boehm, akagoma kulipa, akidai hakuambiwa kwamba ngome ilikuwa dhaifu. Mansfield akasema nia njema inazifunga pande zote mbili, na kwamba mtu hawezi kulia kuwa alifichwa jambo alilolijua mwenyewe au alilopaswa kulijua. Unajua nani alishindwa? Mtoa bima! Hiyo ndiyo kesi wanayotutishia nayo. Na ngome ya Sumatra ilikuwa mbali, safari ya meli ya miezi mingi. Kibao changu kilikuwa juu ya usukani wa pikipiki ya wakala wao, herufi nyekundu. Waingereza haohao mwaka 2012 walitunga sheria kwa mtu wa kawaida anayejikatia bima: kampuni ndiyo iulize, mteja wajibu wake ni kujibu kwa uangalifu wa kutosha. Mimi niliulizwa kama napokea wageni, nikajibu. Kama walitaka kujua nani analipa, midomo yao ilikuwa na kazi gani siku hiyo?

Nije kwenye hiyo faraja ya mwandishi wako. Airbnb, tovuti ya kupangisha vyumba kwa wageni, ilianza mwaka 2008, na haikuwa na ahadi ya kuwafidia wenyeji mpaka 2011, baada ya mgeni kuvuruga nyumba ya mwenyeji mmoja San Francisco na habari kuenea dunia nzima. Wakaweka dola 50,000, mwaka uliofuata wakapandisha hadi dola milioni 1, na siku hizi wanatangaza dola milioni 3. Tarakimu nzuri. Lakini masharti yao wenyewe yanasema wazi kwamba ulinzi huo wa uharibifu si bima, na madai yanatakiwa ndani ya siku 14 baada ya mgeni kuondoka. Bima waliyonayo kweli ni ya kitu kingine, yaani mgeni akiumia kwako au mali yake ikiharibika akakudai. Mwandishi wako amevichanganya vyote kwenye chungu kimoja. Tovuti niliyoko mimi siitaji, isije ikanisukuma ukurasa wa tisa wa orodha yake, lakini nayo ina siku zake za kudai. Nilipowaandikia zilikuwa zimekwisha, kwa sababu nilikuwa nakaa kama mtu mwaminifu nikisubiri barua ya kampuni ya bima.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize na hili. Mgeni wa soksi alipofika kwake alinipa nyota mbili kati ya tano. Akaandika kwamba mwenyeji ni mkarimu lakini nyumba ina unyevunyevu. Unyevunyevu! Nami sikuthubutu kumjibu ukweli, kwa sababu anayefuata akisoma neno dari atakwenda kulala kwingine. Nyota hizi zinampa mtu aliyelala kwako usiku mmoja mamlaka ambayo hata mkweo hana. Wapo wanaoandikisha watu wawili wakaja watano, ukiwauliza kwa upole wanakukumbusha kwamba bado hawajaandika maoni yao. Bima ya nyota ipo? Muulize huyo msemaji wako.

Nakubali, bima inayotufaa ipo. Inahesabu wageni wanaolipa, inalipa mtu akianguka ngazini, na inafidia mapato ya siku ambazo vyumba vimefungwa kwa matengenezo. Nimeshaikata, ni ghali zaidi, na wala silalamikii ughali wake. Ninacholalamikia ni kwamba aliyeniuzia ni kijana yuleyule, wa kampuni ileile, na fomu yake aliitoa kwenye droo ileile aliyotoa ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini hakunionyesha hii tangu mwanzo. Akasema, "Mama, hukuuliza."

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kila fomu ya bima ya nyumba iwe na swali hili: Je, kuna mtu atakayelala humu kwa kulipa, hata usiku mmoja? Liandikwe kwa herufi zenye ukubwa uleule wa zile za tangazo lao mnalolichapisha ukurasa wa tatu, lile la familia inayocheka chini ya mwavuli. Chini yake wakala aandike kwa mkono wake mambo yote ambayo bima hiyo hailipi, aweke sahihi, ndipo aruhusiwe kusema lala salama. Ikiwa hilo ni gumu, msemaji aje alale chumba namba mbili siku tatu. Atalipa, nitampa risiti, na asubuhi atuambie tumwite nani.

Kuna jambo moja dogo. Mtathmini aliniagiza nisiitupe ile soksi mpaka shauri liishe, kwa kuwa ni kielelezo. Imo kwenye mfuko wa nailoni jikoni, mwezi wa saba huu, na imeanza kunuka. Simu hawapokei. Naomba kuwauliza kupitia gazeti lako: shauri limekwisha, au niendelee kuitunza?

Mwenye vyumba vitatu
(Jina limehifadhiwa)